Siku Skuta ya Majini Ilipokula Kitenge Changu

Mpaka leo sipiti ufuoni Jumapili mchana. Nikiwa na shida ya kwenda upande ule nazunguka njia ya reli, jua na vumbi lake lote, kwa sababu kuna mama mmoja muuza samaki wa kukaanga akiniona tu mabega yanaanza kumcheza, na wenzake wanainamia masufuria ili wasionekane wanacheka. Siwalaumu. Walichokiona walikiona. Ila afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjawasikia wao, maana kwa masimulizi yao siku ile nilikuwa uchi kabisa, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimevaa bukta.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kalemie, watu wananiita Mama Bénita kwa jina la binti yetu mkubwa. Mume wangu, Anselme, yuko Manono, anatunza stoo ya vifaa kwenye kampuni ya wachimbaji, na nyumbani anakuja kwa konje tu, likizo ya kazini, njia ikikubali. Zamani, kabla ya Manono na kabla ya watoto, tulikuwa na wazimu mmoja sisi wawili, nao ni kuzamia. Si kuzamia kutafuta kitu kilichoanguka, hapana, kuzamia kuangalia tu. Anselme alikuwa amepata miwani mbili za kuzamia na mirija yake ya kupumulia, basi tunatoka kanisani tunakwenda kule kwenye mawe, kusini mwa mji, tunaogelea mpaka pale chini panapoingia giza, tunavuta pumzi, tunashuka. Watu wanadhani ziwa letu ni samaki wa kula tu, ndakala na mikebuka basi. Hawajaona yale mawe. Kuna visamaki huko vya rangi ambazo mimi fundi wa nguo sijawahi kuzipata dukani, na nimetafuta. Tulikuwa tunapanda juu tumekosa pumzi, tunashikilia jiwe, tunaangaliana. Sijawahi kuwa karibu na mtu kama nilivyokuwa karibu naye pale, na tulikuwa hata hatugusani.

Halafu moto, pikipiki yaani, ikamwangusha njiani baada ya Nyunzu, nyonga ikavunjika, wakaiunga wanavyojua wao. Anatembea na fimbo. Majini anaelea vizuri tu, lakini mguu haupigi, na asiyeweza kupiga mguu hafiki chini. Alijaribu mara moja nikiwepo. Alizunguka pale juu kama jani, akarudi, akavua miwani akanipa, akasema, "Weka mu sanduku, Mama Bénita." Hakuitaja tena.

Sasa mwaka huu, siku moja naangalia video kwenye simu ya binti yangu, naona mtu anazamia ameshika kidude kwa mikono miwili, kama amekamata usukani, kidude kina propela ndani, kinamvuta, na miguu yake imelala nyuma haifanyi kazi yoyote. Nilisimama. Binti ananiuliza kuna nini, namwambia irudishe. Tukairudisha mpaka chaji ikaisha. Miguu haifanyi kazi yoyote. Nikajua nitakachokifanya kabla konje ya Anselme haijafika.

Vitenge na zipu zangu naletewa na Mama Zuhura wa Kigoma, mfanyabiashara anayejua kutafuta kitu chochote, kwa hiyo nikamtumia ile video. Baada ya wiki akanirudishia picha tatu na sauti yake, kwamba vidude hivyo vinaitwa skuta za majini. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito, ya wazamiaji wenyewe, inashuka mbali na batri yake inakaa (bei yake nilipoisikia nilizima simu nikaenda kupika). Ya pili ilikuwa imetumika, wageni fulani waliiacha hotelini, nguvu inayo lakini haina chaja. Ya tatu ilikuwa mpya, ndani ya boksi, buluu na rangi ya chungwa, nyepesi, na ukiiachia inaelea yenyewe. Bei yake ndiyo iliyoweza kuniangalia usoni.

"Shoga, sikufichi," Mama Zuhura akasema kwenye simu, "hiyo ya tatu ni ya bwawa la kuogelea. Ni ya watoto hivi. Chukua ya pili, chaja tutaitafuta."

Na mimi, mwanamke mzima, nikamjibu, "Ya watoto kwa nini? Maji ni maji."

Kila kitu kilichofuata kilitoka kwenye maneno hayo matatu. Ningesubiri chaja ningekuwa leo napita ninapotaka. Lakini konje ilikuwa inakaribia, nikaona nitamkosa, na nilikuwa nimeshamwona kichwani mwangu anashuka mbele yangu, miguu imelala nyuma.

Ikaja na boti, imefungwa katikati ya vitenge. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya michoro, na mchoro mmoja ulikuwa wa nguo ndefu iliyopigwa mstari mwekundu. Nikafikiri wanakataza kuisafisha kwa tambara.

Anselme alipofika nilimficha siku zote mpaka Jumapili. Nilimwambia tu tunakwenda kupunga hewa, nikabeba begi. Nilipanga nianze mimi kuijaribu, ili asije akaaibika mbele ya watu kama kitu hakifanyi kazi (mnaona jinsi nilivyokuwa na akili), nikishaona iko sawa nimpe. Kosa langu lilikuwa kwamba sikwenda moja kwa moja kwenye mawe. Njia ya mawe ina mteremko mbaya kwa fimbo yake, nikasema nitaingilia ufuoni pale pa wazi, nifuate ukingo mpaka kwenye mawe, nirudi.

Ufuoni tukakuta kanisa langu. Kulikuwa na ubatizo asubuhi, nao walikuwa wamebaki, mchungaji na mama zangu wote wa korali, wengine wanakula, wengine wamesimama majini mpaka magotini na mavazi yao meupe wanajipoza. Nikasalimia. Mama Yvonne, mkuu wetu wa korali, akauliza naenda wapi na begi. Nikasema naoga. Sasa mama wa korali hawezi kujivua mbele ya mchungaji, hilo mnalijua, kwa hiyo juu ya bukta ya Anselme, ile ya zamani ya kuchezea mpira, nikafunga kitenge kipya, na nikakifunga kifundi, fundo ambalo halifunguki.

Nikaitoa ile skuta. Anselme akaiangalia, akaniangalia.

"Hii njo nini?"

"Moto ya mu maji," nikasema. "Ni yako. Ngoja kwanza niione."

 Alishika kichwa cha fimbo kwa mikono yote miwili. Nikaingia majini haraka nisilie.

Jamani, ilifanya kazi. Hilo lazima niliseme, maana watu wa samaki hawalisemi. Nilibonyeza, ikanguruma kidogo, ikanivuta. Nikafuata ukingo, nikafika kwenye mawe, nikavuta pumzi nikaielekeza chini nayo ikashuka, polepole, lakini ikashuka, na mimi baada ya miaka yote ile nikawa tena upande wa pili. Palikuwa kimya, na mwanga ulikuwa unatetemeka juu ya mawe. Mbele yangu samaki mama, mdogo kama kiganja, alikuwa na watoto wake wamezagaa kama mbegu, akaniona, akafungua mdomo, wote wakaingia ndani, akafunga. Anselme ndiye aliyenionyesha jambo hilo mara ya kwanza. Niligeuza kichwa kumtafuta. Kweli niligeuza kichwa, kule chini, kwa mazoea, nimwonyeshe.

Nikapanda juu nimejaa furaha na haraka, nikaigeuza skuta kuelekea ufuoni, nikaachia kidole ili ipumzike. Haikupumzika. Kitufe kilikuwa kimenasa ndani. Nikakibonyeza tena, nikakigonga, na katika kuhangaika huko nikaishusha skuta karibu na tumbo, na pindo la kitenge likaenda kuchungulia propela.

Ilikila. Ilikila kama mtu anayekula tambi, inavuta, inavuta, na fundo langu la kifundi likakataa kufunguka, kwa hiyo badala ya kitenge kuniacha, kilinileta. Nikajikuta nimekunjwa, kiuno kimeshikana na mashine, mashine inaelea yenyewe kama ilivyoahidiwa na bado inasukuma, na mimi nakwenda kinyumenyume, nazunguka, nusu juu nusu chini, miwani imeingia ukungu, mrija mdomoni, na mita kadhaa za kitenge chekundu zinapiga maji nyuma yangu. Nilikuwa siwezi kuchagua njia. Ilichagua yenyewe, na ilichagua korali.

Nilitokea katikati yao. Sijui waliona nini, nimejaribu kuwauliza, kila mmoja ana lake, lakini wa kwanza kupata sauti alisema, "Mamba muntu," na neno lile likatosha. Nyinyi mnajua hapa kwetu nusu ya watu wana jamaa aliyewahi kumwona mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayechukua watu. Mavazi meupe yote yakageuka kwa pamoja. Mama Yvonne, ambaye ana kisukari na kwa kawaida anashikwa mkono kupanda ngazi za kanisa, alifika nchi kavu wa kwanza. Aliyebaki ni mchungaji peke yake, na kwa hilo namheshimu, alisimama na maji magotini akanyoosha mkono akaanza kuniamuru nitoke na nirudi nilikotoka. Mimi namjibu, "Ni mimi, Mama Bénita," lakini kupitia mrija ilikuwa inatoka sauti moja ndefu ya ng'ombe, na kila nilipojibu yeye alizidisha.

Mvuvi mmoja, Papa Lumbwe, alikuwa karibu na mtumbwi wake. Akasogea na kafi mkononi, akasimama mbali kidogo. Nikatema mrija.

"Wewe ni muntu?" akauliza.

"Ni muntu, Papa. Kata."

"Nikate wapi?"

"Kitenge, Papa, kitenge."

Alitoa kisu chake cha samaki, akakata. Skuta ikaondoka na kitenge changu kipya, ikaelekea upande wa Kigoma, nikasimama. Maji yalikuwa ya magoti. Yalikuwa ya magoti muda wote huo. Na mimi nimesimama mbele ya kanisa langu, wauza samaki na vijana wa moto waliokuwa wanaosha pikipiki zao, na bukta ya mume wangu yenye namba nane, inayoshikiliwa na pini.

 Halafu yule mama wa samaki akaanza kucheka, na wakaanza wote, hata mchungaji aligeuka kando na mabega yake nikayaona yanacheza.

Anselme hakucheka. Nilimwona anaingia majini na viatu vyake, fimbo inazama mchangani, anaichomoa, anaichomeka, mtu ambaye hakuwa amelowesha mguu tangu siku ile aliponipa miwani. Alifika, akavua shati, akanifunga kiunoni, akakaza mikono ya shati mbele. Tukatoka tumeshikana, na sijui nani alikuwa anamshikilia nani. Watu wa moto wakagombea kutubeba bure.

Nyumbani nilijifungia chumbani. Nililia kwa ajili ya aibu, na kwa ajili ya kitenge, na zaidi kwa sababu nilikuwa nimempa mtu kitu na kumnyang'anya papo hapo, mbele ya watu. Aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, mguu wake mbaya ameunyoosha. 

"Ulifika chini?" akauliza.

"Nilifika."

"Na wao, bado wako?"

"Wako."

"Niambie."

Nikamwambia. Nilianzia kwenye mwanga juu ya mawe, nikamweleza rangi moja moja, wale wa mistari, wale wanaoparuza jiwe kama mbuzi, nikamweleza yule mama na watoto wake, na kwamba niligeuka kumtafuta. Alikuwa amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Anza tena, polepole," nami nikaanza tena. Chakula kiliungua jikoni hatukujali.

Alirudi Manono mwisho wa konje. Skuta wavuvi waliiokota, imekufa, kitenge kimo ndani kimeviringika kama uzi kwenye bobini, nikaitupa bila hata kukichomoa. Nimeapa mambo mawili. Sitanunua tena kitu cha majini kwa kuangalia bei yake tu, nikajidanganya kwamba maji ni maji. Na sitaingia ziwani nimevaa kitu kinachofungwa kwa fundo, hata mchungaji awepo, hata askofu awepo.

Lakini kuzamia sikuapa kuacha. Nakwenda siku za kazi, asubuhi, kabla sijafungua cherehani, kwa ule mteremko wa mawe ambako hakuna mtu, na miguu yangu hii hii inayoanza kuchoka. Jioni Anselme anapiga simu na mimi nakuwa na cha kumwambia. Juzi nilimkuta samaki nisiyemjua, mweusi, na kitu kama dhahabu kwenye mapezi. Nilikaa naye mpaka kifua kikaanza kuniuma, nikapanda nikavuta pumzi nikashuka tena, kwa sababu nilitaka kumwangalia vizuri, asipungue hata kidogo nikimpeleka Manono.