Bibi Kiti

Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, likamkaa. Maisha yake yote alikuwa mshonaji wa sare, mjane, mama wa binti mmoja. Binti huyo alipopata kazi ng'ambo, aliondoka mwanawe akiwa shuleni, ili asimwone akilia. Mtoto kurudi mchana, matandiko ya mama yamekunjwa. Tangu hapo akifika mlango wa darasa tumbo humkata, viganja hulowa, pumzi humpaa. Kwa akili yake, nyumba ilikuwa inangoja atoke ndipo immeze mtu. Na sasa aliyebaki ni bibi tu.

Mshauri wa watoto pale shuleni, dada mpole aliyepewa stoo ya mipira kuwa chumba chake, akamwambia, "Bibi, njoo naye, na kiti uje nacho. Tutakisogeza pole pole mpaka azoee."

Kiti kikaanza ubavuni mwa dawati. Kikaenda mlangoni, kisha barazani. Chumbani mwake mshauri alimfundisha mtoto kupuliza pumzi kama anayepoza chai, mpaka hofu ipite.

Bibi naye shule ikamnogea. Alikatishwa masomo mapema akakabidhiwa cherehani. Sasa pale barazani alijibu hesabu kwa kunong'ona, na nyingi alipata.

"Bibi, umerudia darasa?" mlinzi wa geti alimchokoza.

"Afadhali mimi niliyerudi. Wewe miaka yote uko mlangoni, hujaingia!"

Kiti kilipofika getini, mtoto alimpungia mkono, akaenda zake bila chozi. Wote walifurahi, ila bibi moyo ulimdondoka. Kesho yake akamwinamia mjukuu, akamwita kwa utani wao wa siku zote: "Mke mwenzangu, tumbo likikuuma niite. Usione haya, niko hapa hapa."

Kabla ya mapumziko, tumbo likauma. Kiti kikarudi barazani.

Mshauri akamwita bibi peke yake. "Bibi yangu, tumbo la leo limetoka wapi?"

Bibi akaangalia mikono yake. "Nimempa mimi. Mwanangu, nyumba ile mchana haina hata wa kukohoa."

"Najua, bibi. Lakini akiona wewe huwezi kubaki peke yako, yeye atathubutu vipi kwenda?"

Tangu siku hiyo, kiti alikisogeza mwenyewe kuelekea getini.

Asubuhi ya kukirudisha nyumbani ikafika. "Bibi, nikirudi nitakukuta?"

"Nitakwenda wapi na magoti haya? Hebu nenda, unanichelewesha."

Mtoto akaenda. Hakugeuka.

Bibi akasimama nje ya ukuta, kiti mkononi. Ndani darasa likaanza kusoma kwa pamoja. Akatega sikio aipate ile sauti nyembamba ya mjukuu wake. Akaitafuta, akaitafuta, zote zilikuwa moja. Mlinzi alimwona, na kwa mara ya kwanza hakumtania.

Akangoja wamalize ukurasa, ndipo akaondoka.