Siku Springi Iliponibana Mbele ya Mkwe Wangu

Sitaki mtu anihurumie kwa haya nitakayoyasema, wala sitaki kicheko cha kuzuiwa mdomoni. Atakayecheka na acheke kabisa, kwa maana aibu niliyoipata hapa Iyunga, na mvi zangu zote hizi, nikiwa chini ya gari langu mwenyewe, haifunikiki. Wewe Atupele, mjukuu wangu, andika ninavyosema, usinirembee.

Gari lenyewe mnalijua. Ni gari la spoti la viti viwili, la kijani, lenye umri mkubwa kuliko baba yako, nililoachiwa na bwana mmoja wa shamba la kahawa kule Mbozi niliyekuwa dereva wake miaka mingi. (Yeye mwenyewe hakuliweza, hata ufunguo aliushika kama kijiko.) Springi zake za mbele zilikuwa zimelala, na kila tuta la barabarani lilikuwa linalikwangua tumbo, hata watoto wa shule wakiliona linakuja wanaziba masikio. Nami nilikuwa nimekwisha kumwahidi dada yangu wa Iringa kwamba nitafika kwake nalo. Baba yako akaniagizia springi mpya, akaniletea, akarudi Igawa kwenye mpunga wake akisema, "Baba, mpe fundi Sanga, usizishike mwenyewe."

Fundi Sanga ana gereji pale barabarani, na kando ya gereji kuna kijiwe cha kahawa ambako wanaume wasio na kazi humtazama mwenye kazi. Nilimkuta asubuhi, akaniambia nisubiri siku tatu aazime Mbalizi kifaa cha kubania springi.

"Springi iliyokandamizwa si mchezo, mzee," alisema. "Ikiachia, inaua."

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza, nami sikunyamaza. Nilimwambia, mbele ya vikombe vyote vile, kwamba mimi nilikuwa nafungua springi za malori kwenye matope wakati yeye anafungwa nepi, kwamba sikuingia darasani hata siku moja na sijawahi kushindwa na chuma, na kwamba fundi wa kusubiri vifaa hana tofauti na kinyozi wa kusubiri nywele zianguke zenyewe. Kisha nikaongeza neno moja dogo, ambalo ndilo lililoniangamiza: "Saa tisa njooni nyumbani, wote, mlione limesimama."

Sasa msomaji asiye wa kwetu lazima aelezwe jambo. Kwetu sisi Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Hawakutani njiani, hawasemeshani, na mke huyo jina la baba mkwe halitamki. Siku hizi watu wa mjini wameuacha mwiko huu, wanakaa na wakwe zao kwenye kochi moja wakigombea rimoti, nami nimewadharau kwa hilo na bado nawadharau. Nyumbani kwangu mwiko ulishikwa miaka kumi na minne. Mama yako akisikia kikohozi changu alizunguka nyuma ya jiko, nami nikisikia ndoo yake niligeuza uso, na ikiwa lipo la kuambiana, lilipitia kwa mtoto au kwa mume.

Basi siku hiyo baba yako yuko Igawa, wewe uko shule, bibi yako yuko kwenye ibada ya akina mama. Nilivaa suruali yangu ya suti, ile pana (nilitaka wanaume wa kijiwe wanikute msafi), nikainua gari kwa jeki, nikalaza gurudumu nililolifungua chini ya gari kwa usalama, na springi ya kushoto nikaifunga kwa kamba za mpira wa tyubu, zile zile wanazofungia mizigo ya baiskeli, ikakubali. Nikajisifu peke yangu kwa sauti. Nikahamia kulia, nikalaza gurudumu la upande huo vile vile, nikaingia chini, na wakati naikaza kamba ya tatu mpira uliteleza, springi ikaruka ikapiga madigadi ya gari kwa mlio kama wa kengele, gari likayumba, jeki ikaanguka, na gari lote likashuka juu ya gurudumu.

Sikuumia. Ila suruali, kuanzia pajani hadi chini ya goti, ilikuwa imebanwa kati ya gurudumu na bodi, na gurudumu lenyewe lilikuwa linatoa pumzi polepole, ssss, na kila pumzi iliyotoka gari lilikuwa linashuka kidogo kuufuata mguu wangu. Kuvua suruali niliweza. Lakini kuvua suruali ni kutoka na bukta, na uani palikuwa na mtu mmoja tu, naye ni mke wa mwanangu.

Alisikia mlio, akaja hadi kwenye pembe ya jiko, akasimama. Nikaona miguu yake, nikafumba macho. Alikuwapo kuku anadonoa kati yetu, na mama yako, kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kutumwa, alimsemesha yule kuku.

"Kuku, muulize babu yake Atupele kama ameumia."

Nikazidi kuyafumba macho. Kisha gari likashuka tena.

"Kuku," nikasema (naam, mimi), "mwambie mama Atupele sijaumia. Aende akaite mwanamume mmoja, haraka."

"Kuku, mwambie wanaume wote wako kijiweni wanasubiri saa tisa. Nikimwita mmoja, watakuja wote."

"Saa ngapi sasa?"

"Kuku, mwambie saa nane na nusu imepita. Na mwambie jeki ya kirikuu ninayo hapa."

Nikamwambia kuku kwamba jeki si mwiko wa kupikia ugali, haishikwi na kila mtu. Akajibu, bila haraka, kwamba kila wiki anapasukiwa na tairi njiani kwenda Mbalizi akiwa na magunia sita ya viazi, na hajaona mwanamume aliyeteremka kumsaidia. Miaka minne anaendesha kirikuu kile! Nilijua kwamba lipo gari dogo la viazi linalotoka nyumbani kwangu alfajiri na kurudi jioni, sikujua ni nani aliye nyuma ya usukani, kwa sababu kila lilipopita mimi nilikuwa nimegeuza uso, nikijiona mtu wa heshima.

Gari likashuka mara ya tatu, nikahisi chuma baridi juu ya goti.

"Kuku," nikasema, "mwambie aje."

Alikuja kinyumenyume, kitenge kimemfunika kichwa chote, hatua kwa hatua, akachuchumaa amelipa gari mgongo, akapapasa kwa mkono nyuma yake, akaiweka jeki mahali pake hasa, juu ya kipande cha ubao ambacho mimi, bingwa wa malori, sikukikumbuka. Akazungusha. Gari likainuka. Nikajivuta, suruali ikanaswa na bolti ya bodi, na mimi nikatoka bila hiyo suruali, na nilipoinua kichwa, fundi Sanga na wanaume saba walikuwa getini. Wawili walikuwa wamekuja na vigoda vyao.

 Kisha Sanga akasema, "Mzee, tumekuja kuona springi. Mbona hata mpira wa bukta umelala? Nao tuuagizie?"

Kicheko chao kilisikika hadi relini. Na katikati ya kicheko, mama yako, bado amegeuka, bado amejifunika, akapaza sauti: "Kuku, waambie wageni kwamba babu yake Atupele alikuwa ananifundisha kazi ya jeki, na somo halijaisha. Wasubiri nje."

Wakatoka nje. Hakuna aliyeamini, lakini wakatoka, na mmoja aliniachia koti lake.

Wiki iliyofuata niliita wazee, tukauondoa mwiko kwa utaratibu wake, kwa sababu mtu aliyekwisha kunitoa chini ya gari siwezi tena kumpitishia salamu kwa mifugo. Alisimama mbele yangu, akanitazama kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na minne, akapiga goti akanisalimu. Kisha akasema, "Baba, ile springi ya kushoto umeiweka juu chini."

Nilikwenda kutazama. Ilikuwa juu chini.

Basi nimeapa: springi nitawaachia wanaozijua, na nitakapokwenda Iringa, atakayeendesha anajulikana. Haya, umemaliza? Kamsomee mama yako. Ila pale penye bukta uparuke, kwa maana yeye alikuwa amegeuka, na hakuona.