Viti vya Buluu Nyuma ya Yaya Trésor

Kompyuta ya zamani ikiwaka muda mrefu hutoa harufu yake, ya vumbi linalopata moto, na kidogo kama nywele zilizoguswa na pasi. Juzi niliisikia kazini, katika ofisi ya mkuu wetu pale kwenye nyumba ya wazee, nikasimama na beseni mkononi mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa nimerudi Koekelberg, mtaa wetu wa huku ugenini, kwenye salon, sebule yetu ya ghorofa ya nne, Jumapili moja ya baridi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Labda kumi. Sikusoma sana, na kumbukumbu zangu siziamini sana, kwa hiyo mahali nisipokuwa na hakika nitawaambia.

Kaka yangu mkubwa, Yaya Trésor kama tunavyoita kaka kwetu, alikuwa Kanada. Papa alimtuma huko kwa shangazi yetu akasomee uhasibu, naye akauacha akaenda kucheza mpira. Si mpira tunaoujua sisi. Ni ule wa kwao, wa kofia ngumu na mabega ya kupachika, wenye umbo la papai, ambao watu huukumbatia na kukimbia nao mpaka waangushwe. Papa alikaa miezi mingi hataki kusikia jina lake. Mama ndiye aliyekuwa akiongea naye jikoni, mlango umefungwa, sauti chini.

Halafu timu kubwa ya mji ule ikamchukua Yaya, na Papa akabadilika. Sikumbuki alibadilika siku gani. Nakumbuka tu kwamba tulipokwenda Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya watu wa kwetu, Papa aliingia kwa kinyozi hata kama hana nywele za kukata, akasema mbele ya wote, "Stade inajaa! Vingt mille, wote banasimama kwa mutoto yangu!" Nataka kuwa mkweli kwa Papa: hao elfu ishirini hakuwazua. Yaya mwenyewe alimwambia Mama kwamba siku ya kwanza ya msimu uwanja ulijaa. Papa aliichukua siku ile moja akaifanya kuwa siku zote.

Wiki ile Yaya alipiga simu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaomba kuongea na Papa. Nilikuwa pale, simu ilikuwa kwenye haut-parleur, sote tukisikia. Alisema, "Papa, dimanche match itaonekana ku internet. Utaniangalia?" Papa akajibu, "Nitakuangalia." Mama aligeukia sufuria akakoroga ugali uliokwisha kuiva.

Jumapili Papa hakuvua suti ya kanisani. Aliazima waya wa kuunganisha kompyuta na televisheni, akaalika watu. Alikuja Tonton Floribert, rafiki yake tangu kwetu Likasi, mtu wa mzaha ambaye akicheka vikombe hutikisika. Akaja pia Maman Béa, jirani yetu wa Bukavu, ameshika sahani ya sambusa. Mimi nilikaa kwenye zulia, karibu kabisa na kioo cha televisheni, kwa sababu Mama aliniambia, "We ndjo mwenye macho. Utatuonyesha ndugu yako." Yaya alikuwa na namba thelathini na nane mgongoni.

Sasa niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa. Sisi watu wa kwetu, harusi ikiisha au matanga yakiisha, aliyebaki nyumbani haulizi bibi harusi alivaa nini, wala marehemu aliagwaje. Anauliza, "Batu balikuya?" Wakija wengi, jambo lilikuwa zuri. Wakija wachache, utasikia kimya kidogo, kisha "Bon, ni hali ya hewa." Na salonini mwetu hapakuwa na hata mmoja aliyejua sheria za mpira ule. Basi picha ilipofunguka walitazama kitu walichokijua, nacho ni watu.

Uwanja ulikuwa na viti vya buluu. Vizuri sana, safi, safu kwa safu. Watu walikuwa wamejikusanya hapa na pale kama wanaosubiri basi.

Tonton Flori aliinamia televisheni. "Papa Trésor," akasema taratibu, "batu beko wapi?"

"Banakuya. Ni mwanzo."

Robo ya kwanza ya mchezo ikapita. "Papa Trésor, bado beko mu njia?"

"Banaenda kununua vya kukula."

"Bote? Bote pamoja? Alors kule chakula iko ya bure, tuhamie!"

Maman Béa alijaribu kusaidia. "Floribert, wachana naye. Miye naona wamejaa upande ule wa kivuli."

"Maman, kivuli ile ni ya paa."

"Weye Flori," Papa akasema, naye anacheka bado, "kwetu hata mulango ya stade haukuijuaka. Ulipandaka ku ukuta!"

"Ndjo ile! Nilipandaka sababu nafasi haikuwaka. Batu mpaka ku miti! Hapa muntu analeta kitanda yake, analala."

Walicheka wote, na Papa naye. Lakini nilikuwa chini yake, niliona goti lake linarukaruka. Baada ya hapo hakucheka tena. Kila picha ilipogeuka aliinuka kwenye kiti akaonyesha kona fulani, "Pale, ona pale, si batu ile?" Tonton Flori naye akajibu, "Ile ni bendera." Wakabishana kuhusu mvua, kuhusu baridi ya huko, kuhusu ukubwa wa uwanja, kama kamera inaweza kumficha mtu. Maman Béa akasema watu wa Kanada ni watulivu, hawapendi kujionyesha.

Ndipo Yaya akaingia. Namba thelathini na nane. Nilipiga kelele, "Yaya! Ni Yaya!" na Mama akashika kifua. Papai liliruka juu, Yaya akaruka nalo, akalishika, akakimbia, na watu watatu wakamwangukia. Akainuka peke yake. Akavua kofia, na kamera ikamsogelea mpaka uso wake ukajaa televisheni yetu, jasho, mvuke ukitoka kinywani, akitutazama.

Papa alikuwa amesimama mbele ya kioo. Mkono wake wote ulikuwa juu ya uso wa Yaya, kidole kikigonga kona ya juu, nyuma kabisa. "Kule! Kule nyuma! Beko batu! Flori, unaona? Unaona sasa?"

Alipoondoa mkono, Yaya alikuwa ameketi kwenye benchi.

Nafikiri hakurudi uwanjani tena siku ile. Sina hakika, labda alirudi na mimi nilikuwa nimekwenda kulala.

Kesho yake jioni alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama ya mtoto. "Papa, uliniona?"

"Nilikuona, nilikuona," Papa akasema. "Lakini Trésor, batu balikuwa wapi?"

Mama akaangalia kama simu imekatika.

"Ilikuwa baridi, Papa," Yaya akasema.

Kwa miaka mingi nilimchukia Tonton Flori. Nilikataa kumpa mkono, nikagombezwa. Nilikuwa namkosea. Yeye alifanya mzaha kama anavyofanya kwenye kila harusi, na ndiye aliyebeba friji yetu mgongoni ghorofa zote nne. Viti vitupu navyo havikumfanya Yaya lolote. Nilipokuwa mkubwa Mama aliniambia kwamba msimu mzima Yaya alikuwa akifanya mazoezi tu, hachezeshwi, na Jumapili ile aliingia kwa sababu mwenzake aliumia. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Msimu uliofuata timu haikumchukua. Anaendesha lori sasa, ana watoto wawili.

Na Papa? Papa alisafisha maofisi miaka yote hiyo, saa ambazo wenye ofisi wamekwenda nyumbani. Hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi. Naona alitaka kuonekana, na alidhani mtu huonekana na watu wengi. Yaya alitaka kuonekana na mmoja. Ninaweza kuwa nakosea, lakini sioni maelezo mengine, na nimeyatafuta.

Yaya bado hupiga simu Jumapili, kwa Mama. Ikilia, Papa hupunguza sauti ya televisheni, hukaa kwenye kiti cha pembeni, hunyoosha shati. Mama huongea, hucheka, huulizia watoto, hufunga simu.

"Anasema nini?" Papa huuliza.

"Anakusalimia."

Mimi hukaa karibu na Mama, simu ile sauti yake ni kubwa, nasikia kila neno. Yaya hamsalimii.