Uji wa Kaka Yake

Saa tatu asubuhi, ghala la nyaraka ndiyo kwanza linafunguliwa. Mwanahistoria wa miaka hamsini na tano amekwisha kujifunga kitambaa puani, maana vumbi la madaftari haya halina adabu. Anapitisha kidole kwenye jina, kisha kwenye alama za vema zilizopangana mbele yake. Kila alama ni kikombe kimoja cha uji.

Ni madaftari ya kambi ya misaada, ya miaka ya vita na njaa. Yako arobaini na moja.

"Dada, si uhamie humu na godoro kabisa?" mtunza ghala anamtania.

"Nikimaliza na kaka yangu nitakuachia ghala lako," anajibu bila kuinua macho.

Kaka huyo alikuwa na miaka tisa, yeye minne. Mama yao alisema siku zote kwamba mtoto alipotea siku kambi ilipohamishwa. Daftari nalo likampa binti matumaini: kaka alipokea uji hadi siku hiyo hiyo ya mwisho. Basi yuko hai mahali fulani, akajiambia, na kwa miaka kumi na miwili akamtafuta.

Mwaka jana alimhoji mzee aliyekuwa akigawa uji kambini. Akamwuliza, mbona vifo vilivyoandikwa daftarini ni vichache hivi?

"Mwanangu, nani angekuja kusema mtoto kafa?" mzee akamjibu. "Ukisema tu, kikombe kinapungua. Tulijua, tukanyamaza. Tukaendelea kuweka vema."

Jioni ile ile akampelekea mama yake picha ya ukurasa.

Mama aliitazama weee, kisha akasema: "Alitutoka miezi mitatu kabla ya kuhama. Uji wake uliunywa wewe."

Walikumbatiana wakalia. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, na angemlaumu kwa lipi?

Sasa anaandika kitabu. Amepata majina mia tatu na kumi na mawili ya waliokufa wakaendelea kuhesabiwa, na kila mmoja amemtafutia tarehe kwa jamaa zake. Jina moja tu halina tarehe, la kaka yake. Mvua zikipungua, mama atampeleka akamwonyeshe alipozikwa kaka yake.

"Nitaiandika nikirudi," anasema, akifuta miwani. "Namtamani jamani, na hata sauti yake siikumbuki. Kwa hizi wiki chache, mwacheni na yeye anywe uji wake."