Picha ya Tumbo la Yustina

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mashine. Mkuu wa Idara ya Mionzi, mzee mwembamba asiyecheka ovyo, aliitikia shikamoo yangu, akabandika filamu ya eksirei kwenye sanduku la taa na kuniuliza naona nini. Nilikuwa nimetoka chuoni kichwa kimejaa, nikajibu upesi, "Mtulinga umevunjika."

"Na nini kingine?"

"Basi, Mkuu."

"Basi!" Akaweka kidole kwenye doa dogo la pafu, kule pembeni kabisa. "Huu mfupa utaunga hata akifungwa kanga na bibi yake. Hili doa ndilo litakalomwua. Wewe umeona kilichokuita, ukafumba macho."

Nilichukia, jamani! Nilitoka nje nikafuta machozi, nikarudi nimenuna. Nikamkuta bado amesimama palepale ananisubiri tuendelee.

Hapo ilikuwa upande wa Mahenge, kwenye baridi. Filamu tulizisafisha kwa mkono ndani ya chumba cha giza, taa nyekundu hafifu, dawa inakera pua, kisha tunazianika kwenye kamba kama nguo. Nyinyi vijana mnabonyeza tu, picha hiyo kwenye kompyuta, na bado mnalalamika mtandao. Baadaye nikahamishiwa bondeni, Ifakara, na huko ndiko nilikozeekea. Watu waliniita Mama Picha. Wanawake walikuja kutoka Mkula na Idete wamevaa vitenge vipya, nywele zimesukwa, "tumekuja kupiga picha." Ningewakatazaje? Nikawa nasifia vitenge kwanza ndipo tunaanza kazi.

Ultrasaundi ilipofika, nilipelekwa kuisomea. Haitumii mionzi, inatumia sauti ambayo sikio halisikii. Ukigonga debe unajua kama lina mchele au ni tupu; mashine nayo hugonga mwili hivyo hivyo, ikachora majibu kwenye kioo. Kile kidude tunachokipitisha tumboni kinaitwa probu. Mimi niliipenda kazi ile mpaka nikawa sisikii kengele ya chai. Kila tumbo lilikuwa na habari yake, na mimi kwa umbea wa kuzaliwa nao nilitaka kuzijua zote.

Ndipo akaja Yustina, mkulima wa Michenga. Mimba yake ilikuwa imepitiliza na uchungu hauji. Daktari wa Uzazi, ambaye ndiye alikuwa bosi wetu siku hizo, alikuwa ameshaagiza awekewe dripu ya kuanzisha uchungu. Alimleta kwangu nipime tu mtoto amelalaje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu wa ngapi?"

Akatazama ukuta. "Wa nne. Watatu waliharibika. Mama, niambie tu kama huyu mzima. Huyu naye akiondoka, mimi sirudi nyumbani."

Alisema hivyo bila kulia, nikaogopa zaidi. Nikapaka jeli, nikaweka probu. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri, nikamwambia, akashusha pumzi. Mtoto alikuwa amelala kukingama. Kazi niliyotumwa ikawa imekwisha.

Lakini mtoto alipojigeuza, Yustina aliuma kanga yake. Akina mama wajawazito hucheka mtoto akicheza. Huyu jasho lilimtoka.

"Anakuumiza?"

"Kila akigeuka. Kama ananikwaruza ndani."

Ikanijia tamaa ya kujua. Nikaacha kumtazama mtoto, nikatafuta nyama ya mfuko wa uzazi inayomzunguka. Ni utepe wa kijivu, huwa haufichiki. Sikuuona. Nikapandisha, nikashusha, nikamlaza ubavu, wapi! Mtoto yuko karibu na ngozi kana kwamba amefunikwa shuka tu.

"Yustina, mimba ilipokuwa changa uliumwa?"

"Wakati wa kupanda mpunga. Tulikuwa tumehamia shambani, ng'ambo ya mto. Tumbo likanikata, nikaanguka kwenye majaruba. Wifi akasema ni chango, akanichemshia mizizi. Likatulia."

Nikamwita muuguzi nikamwambia dripu isubiri, nikamfuata Daktari. "Mama Picha, nina foleni hadi barabarani," akafoka. Nikamwambia, "Njoo unigombeze mbele ya mashine." Akaja, akakaa, akashika probu mwenyewe. Akaipitisha tumbo zima, juu hadi chini. Kisha akauliza, "Kibofu kimejaa?"

"Hapana. Alidhani kupimwa ni kama kupasuliwa, kaja hajanywa hata maji."

"Mpe maji. Mengi."

Yustina akanywa, tukangoja. Kibofu kikijaa huwa dirisha. Sauti hupita ndani yake vizuri na vilivyo nyuma huonekana. Daktari akarudi kutoka kwenye foleni yake, akaweka probu, na nyuma ya kibofu tukauona mfuko wa uzazi. Mdogo, mtupu. Mtoto alikuwa nje yake, juu, katikati ya matumbo. "Mungu wangu," Daktari akasema taratibu, "hii nimeisoma vitabuni tu." Mimba iliyotunga kwenye mrija wa uzazi ilikuwa imepasuka kule shambani, mtoto akatoka na kuendelea kuishi humo tumboni. Dripu ingekaza mfuko ambao hauna mtu, na kondo la nyuma lingeweza kubanduka, mama akaisha damu.

Walimpasua siku ileile. Mtoto alitoka wa kike, kichwa kimebonyea upande mmoja, akalia kwa hasira. Kondo lilikuwa limeshika kwenye utumbo. Daktari aliliacha humohumo liyeyuke lenyewe, kwa maana ukilivuta damu haizuiliki. Mimi nilisimama mlangoni nikalia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Sasa nimestaafu, nalima mpunga wangu kidogo. Vijana wa idara wakinitembelea hunionyesha mashine mpya kwenye simu zao, nami huwauliza maswali mpaka wanachoka. Kujua sijakinai. Yustina naye hupita na binti yake, Pendo, mtoto mtundu asiyetulia kwenye kiti. Daktari alikwisha kunieleza habari ya kondo na mishipa ya damu, nikaelewa, ila haikunitosha. Juzi nikamuuliza Yustina mwenyewe: kati ya wote, kwa nini huyu ndiye aliyekaa?

Alimtazama Pendo akifukuza kuku wangu.

"Mama, wale watatu walikuwa mahali pao, wakaniacha. Huyu alipotea njia, akanishikilia."