Koki Nayo Huamkiwa

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, na kila nikishika spana inanirudia. Nilikuwa kijana wa kuzurura. Shule niliiacha mapema, lakini udadisi haukuniacha: nikiona kitu kinazunguka, lazima nijue kinazungushwa na nini. Nilichunga ng'ombe wa watu Mabira, nikafyatua matofali Nyakatuntu, mwisho nikajifunza mabomba kwa kumtazama fundi mmoja mpaka akachoka kunifukuza.

Siku hiyo nilikuwa Kanoni, nyumbani kwa mjane mmoja, Bibi Kokugonza. Bafu lake lilikuwa na bomba la mvua, lakini mikono ya koki zake iliganda kwa kutu na chokaa ya maji, haigeuki hata ukiiapiza. Mafundi walionitangulia walimwambia, "Bibi, hapa ni kuvunja ukuta." Akakataa. Vigae vya ukuta ule alivipanga marehemu mumewe kwa mkono wake, na vya aina ile havipatikani tena. Akaona bora aogee beseni, ukuta ubaki mzima.

Nikaingia kifua mbele. "Bibi, kaa pembeni uone kazi." Nikafunga maji kule nje, nikabandua vifuniko, nikafungua skrubu. Mpaka hapo nilijiona bingwa. Kisha nikaubana mkono wa kwanza kwa spana kubwa, nikajitutumua. Ukuta ukalia, kigae kimoja kikatikisika.

"We kijana, acha!" Bibi alinidaka bega. "Mimi umenipa shikamoo. Hiyo koki umeipa?"

"Koki, Bibi?"

"Imezaliwa kabla yako. Unaingia tu na kuikaba koo kama umekamata mwizi wa ndizi! Itakuitikia?"

Akatoka, akarudi na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha mpaka harufu yake inatoa machozi. Akaipasha moto, akalowesha matambara, akayafunga kwenye koki kama anayefunga kidonda cha mtoto. Masufuria yake yaliyoshika chokaa alikuwa akiyasafisha hivyo hivyo.

"Mchungaji wa kanisani akiuliza," akasema, "sisi hatujaonja. Imekunywa koki."

Tukakaa jikoni tukimenya ndizi, na kila mara ananituma nikaloweshe tena. Mvumilivu hula mbivu, ingawa miguu yangu ilikuwa inawasha kuondoka. Jua lilipoanza kushuka tukafungua matambara. Chokaa ilikuwa laini kama uji. Safari hii niligonga taratibu, nikageuza kidogo kulia, kidogo kushoto, huku nimeshikilia bomba lisijipinde ndani ya ukuta. Mkono wa koki ukatoka kama jino la mtoto lililokwisha kulegea. Wa pili nao ukafuata. Nikapaka samli kidogo, nikavisha mikono mipya niliyokuja nayo, nikafungua maji.

Bibi akaingia na khanga yake, akafunga mlango. Nikasikia maji yanamwagika, kisha nikamsikia anacheka peke yake, halafu akaanza kuimba. Mwanangu, sijawahi kuwa na cheo chochote, lakini pale nje ya mlango wa bafu nilisimama kama mtemi. Ukuta ule ungalipo, hakuna kigae kilichopungua. Nikipita Kanoni naomba kunawa mikono, ili nikauone.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Sawa, lakini kabla ya kuvua, salimia. Kilichoganda, kiwe koki, au mzee aliyekununia, usikianze kwa nguvu. Kiloweshe, kipe muda, ndipo ukigeuze kidogo kidogo. Na anayekukemea ukiwa kazini msikilize, hata kama hajawahi kushika spana, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na pengine huvunja na ukuta wa watu.

Mungu aibariki mikono yako, ifungue pasipo kuvunja, na kila nyumba utakayotoka uiache na maji na wimbo ndani yake.