Siku Wagika Walipopandisha Tangi

Mwasiti binti Hatibu aliingia kazi ya ujenzi mjini Shinyanga akiwa mfunga vidonda. Alikuwa amesomea huduma ya kwanza, na kila siku alikaa kibandani na bandeji zake akiwangoja mafundi. Nao walikuja: huyu kakanyaga msumari, yule kaangukiwa na tofali. Mwishowe akachoka kungoja. Akatoka, akawa anaokota mbao zenye misumari na kuzitikisa ngazi kabla watu hawajapanda. Fomeni Stanslaus alimtazama kwa muda, kisha akampa filimbi. Usalama wa kiwanja kizima, alimwambia, sasa ni kazi yake. Akipuliza, hata yeye fomeni atasimama.

Asubuhi ya kupandisha tangi la maji kule mtaa wa Kambarage, mwaka 1974, Mwasiti hakuweza hata kumaliza chai kwa furaha. Tangi la chuma lilikuwa livutwe juu ya mnara kwa winchi mbili za mkono, na mji mzima ulikuja kutazama. Wacheza ngoma nao wakaja kutoka vijijini, Wagika na Wagalu, mahasimu wa siku zote, kila kundi likitaka kulizidi jingine. Wakairuka kamba ya mpaka iliyozungushiwa mnara, wakaanza kucheza chini ya mnara kabisa.

Tangi lilikuwa limeshaachana na ardhi. Stanslaus alipaza sauti winchi zisimame, ngoma zikaimeza. Wavutaji walikuwa wamenogewa, wakizungusha kila mtu na mdundo wake, na winchi moja ikaitangulia nyingine. Tangi likainama.

Mwasiti akapuliza filimbi, isisikike. Akawakimbilia wavutaji, akawashika mikono mpaka wakaacha. Kisha akamwendea Nkwabi, mpiga ngoma mkuu wa Wagika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayo, mama yangu. Mbona mmesimama? Ngoma ndiyo kwanza inakolea."

"Kamba ya winchi ikikatika, mtakufa wote hapa. Rudini nyuma ya mpaka, lakini sitaki mwondoke kabisa. Nataka ngoma yako moja ivute tangi hili. Ukipiga, wavute. Nikiinua mkono, unyamaze, nao wasimame."

Nkwabi alicheka kwa raha, akamwomba arudie maneno hayo kwa sauti, Wagalu wayasikie. Wagalu nao wakadai kazi. Mwasiti akawapa ulinzi wa mpaka, na tangu hapo hakupita hata kuku.

Ngoma ikaanza, pole pole na nzito. Winchi zikaenda pamoja, tangi likanyooka, likapanda. Watu waliimba kwa kunong'ona wasije wakaifunika ngoma. Lilipofika katikati, Mwasiti aliona nguzo iliyoshikilia winchi ya kushoto ikianza kung'oka. Akainua mkono.

Ngoma ikakatika. Kambarage yote ikawa kimya, tangi likining'inia juani. Stanslaus na mafundi wakapigilia vigingi vingine vya chuma, wakailundikia nguzo mifuko ya saruji. Mwasiti akaisukuma kwa bega, haikutikisika. Akashusha mkono, ngoma ikarudi.

Tangi lilipokaa mahali pake, vigelegele vilisikika mpaka stesheni. Hakuna aliyechubuka hata kidole. Wagika na Wagalu walimbeba Mwasiti kwa zamu, wakigombania nani ambebe zaidi.

Jioni Stanslaus alimwambia kwamba wanakwenda Kharumwa kujenga zahanati, akaanza kumweleza ugumu wa njia. Mwasiti alimkatiza. Alitaka kujua mitaro ya msingi itachimbwa kina gani, na kama mbao za kuzuia kuta zake zisiporomoke zimeshaagizwa.